Kastabini Kwenye Simu

Madison, Jumatatu

Kaka Radovan,

Tangu jana sauti moja haijanitoka: kastabini ya Mama, ile anayovaa kidoleni akishona, ikigonga simu mara mbili. Unajua ndivyo anavyotuambia, "Nimesikia, basi." Safari hii aligonga kabla sijamaliza kumsalimia. Nawe unasema amechoka kidogo tu.

Theluji imeanza kuyeyuka huku. Nimeshasoma vitabu vyote mia na arobaini vya mtihani wa mwezi ujao, vya Kirusi, Kipolandi na Kicheki. Ijumaa, kwenye majaribio, Profesa Hruska aliniuliza kwa nini binti wa riwaya moja harudi kwao. Nikamtajia mwaka kitabu kilipochapishwa.

"Zdenka, umevisoma au umevipangusa vumbi?" akacheka.

Nililia chooni.

Mama alikutuma uniambie nisikanyage huko kabla sijafaulu, kwamba hakushonea watu nguo miaka thelathini ili nikae kumwuguza. Nilishafeli mara moja. Kujitoa nako kunahesabiwa kufeli, na anayefeli mara mbili anaondolewa chuoni. Nikifungua kitabu namwona yeye; nikimfikiria yeye naona vitabu. Sikuwa tena na faida kwa yeyote.

Leo asubuhi nimemwambia katibu wa idara afute jina langu kwenye orodha ya mtihani. Kisha nikampigia Mama, nikamwambia mtihani ulifanyika mapema na nimefaulu. Akauliza, "Basi sasa utakuja?"

Nafika Jumamosi. Akikuuliza, nimefaulu.

Mdogo wako,
Zdenka