Aliyempakata Mama Yako

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba. Huku Uru tu wazima. Babu yako anapalilia kahawa, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeuliza kwa nini katika picha ya ubatizo mama yako amepakatwa na bibi asiye na vidole. Huyo ni Ndeanka, shangazi wa babu yako. Ukoma ulikuwa umemla vidole kabla hajapata dawa. Alirudi kutoka hospitali ya wakoma amepona, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni Moshi, lakini watu waliogopa hata kula naye.

Nilipojifungua mama yako, alikuja kunisaidia. Majirani wakaninong'oneza, "Usimpe mtoto." Naye akasimama mlangoni.

"Nitafua nepi tu," alisema.

"Shangazi, mtoto hajaogeshwa," nikamjibu.

Alipima maji kwa kiwiko, maana viganja vyake havikuhisi moto. Akamwogesha taratibu, machozi yakimtoka. Tangu augue, hakuna aliyewahi kumpa mtoto ampakate.

Siku ya ubatizo nilimwomba ambebe yeye. Alijifunga kanga mpya, akapita katikati ya kanisa zima bila kuficha mikono yake.

Mbusu mama yako kwa niaba yangu.

Bibi yako akupendaye,
Bibi Manka