Mtungi Wenye Joto la Mwili

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na mapacha. Mgongo unasemaje? Nilikuomba upunguze kukaa kwenye cherehani, na najua hukunisikia. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kutorokea.

Umeniuliza mara nyingi huu uhandisi wa kemikali na chembe hai ni kitu gani hasa. Mwaka huu wa mwisho kazi yangu ni kulea seli. Ziko ndani ya mtungi wa kioo wa lita mbili, kwenye maji mekundu yenye sukari na chumvi, na pangaboi dogo linayazungusha polepole. Napima joto, hewa na chakula, nikitafuta namna ya kuzikuza kwa wingi ili watafiti wajaribie dawa zao. Mtungi una joto la mwili. Ukiugusa, ni kama umegusa shavu la mtu.

Tunazilisha kwa zamu, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Tangu wiki ya kwanza tuliona jambo. Akizilisha yeye, zinadorora. Nikizilisha mimi, kesho yake zimeongezeka maradufu. Tulibadilishana siku, tukabadilishana glavu, hata nikawa namwachia chakula nilichokipima mwenyewe. Mambo yakawa yale yale. Fundi wa maabara, mama mmoja mpole asiye na mzaha, alisimama nyuma yangu asubuhi moja akasema, "Zinakujua wewe." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwezi uliopita nilitakiwa kuandika kwenye ripoti seli hizo zilitoka wapi. Fundi akanifungulia daftari. Namba 217: mwanamke, miaka hamsini na mbili, uvimbe wa ini, na tarehe. Jina hakuna, majina hayaandikwi. Lakini tarehe ile ni ya Jumanne ile, Dada, na namba ile ninayo. Imepigwa muhuri kwenye nakala ya fomu ambayo nimeificha ndani ya bahasha ya vyeti vyangu miaka sita sasa.

Acha nikwambie. Siku ile ulipotoka kwenda kumchukulia Mama nguo safi, daktari alikuja wodini akaniuliza kama wanaweza kuchukua kipande cha uvimbe kwa ajili ya utafiti. Mama alikuwa hasemi tena. Daktari akaniambia ni kidogo tu, hakizidi ukucha. Nikatia sahihi. Baadaye, ulipokuwa unamvisha kwa mara ya mwisho, uliona plasta ubavuni ukaniuliza wamemfanya nini. Nikasema sijui. Makaburini ukawa unajifariji kwamba angalau tumemzika mzima, nami nikanyamaza.

Sasa nakaa mbele ya mtungi nikiutazama. Kilichomo ndicho kilichomuua. Ndicho pia kitu chake pekee ambacho bado kiko hai, na kila siku kinaongezeka. Sijui nikichukie au nifanyeje. Leo asubuhi nilijikuta nimesema shikamoo kabla sijafungua mrija wa chakula, na povu likapanda juu. Najua ni hewa tu. Hata hivyo nilirudi nyuma hatua mbili.

Nimemweleza mhadhiri wangu kila kitu. Amesema familia ikikataa, mtungi utachemshwa kwa mvuke, na vichupa vyote vya akiba vilivyo kwenye friza vitateketezwa. Amesema sahihi yangu inatosha. Mimi naona haitoshi. Nilishasema ndiyo mara moja bila wewe. Sitaisema tena bila wewe, na hata neno hapana sitalisema peke yangu. Wewe ndiye mkubwa.

Ukiwa na hasira, niandikie na hasira zako hivyo hivyo. Nisalimie shemeji, na uwabusu mapacha kwa niaba yangu. Mpaka jibu lako linifikie, nitaendelea kumlisha.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba