Mwezi Aliozaliwa Devota

Mke wangu Felista,

Mtoto wako amenibana. Namwita mtoto, lakini mwezi huu anatimiza miaka kumi na saba. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na kazi yake kubwa hapa nyumbani ni simu na kukosoa chai yangu. Wiki iliyopita alipakua programu ya nyota. Unaiandikia siku na mji uliozaliwa, nayo inakuonyesha anga la siku hiyo, kila sayari mahali ilipokuwa. Akaja nayo hadi kwenye cherehani, akasogeza kitambaa na kuniwekea simu mbele ya macho.

"Baba, angalia. Zuhura na Mshtarii hawa hapa, hawajaachana sana. Mirihi yuko nyuma ya jua, haonekani. Zohali yuko kwenye kundi la nyota la Mashuke." Akanitazama. "Sasa niambie, ni yupi kati ya hawa alikaa vibaya hadi mama akafa?"

Nilikuwa nashona mkono wa shati. Niliendelea kushona kama sijasikia, nikaja kugundua mkono wote nimeuziba.

Ungeipenda hiyo simu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinunua maandazi kwa yule mama wa Kihonda kwa sababu tu aliyafunga kwenye gazeti, na kipande kikiwa na ukurasa wa nyota, siku yako imekuwa njema, hata kama gazeti lenyewe ni la mwaka juzi. Wateja wangu uliwauliza mwezi wa kuzaliwa kabla sijawapima kiuno. Mimi uliniambia nyota yangu ni Kaa, ndiyo maana nakwenda upandeupande. Nilijifanya nimekasirika, lakini nilipenda unavyonitania.

Siku zako zilipokaribia ukawa mtu wa redio. Ulisema mtoto akikua utamsimulia mwezi wake wote, ya mbinguni na ya duniani. Wamarekani walikuwa wametoka kumchagua rais ambaye baba yake ni Mjaluo wa Kenya, nawe ukaipokea kama habari ya ukoo. Benki za Ulaya zilikuwa zinayumba, maharamia wa Somalia wanateka meli. "Ya maharamia nitayaruka," ulisema. "Ataogopa kulala."

Halafu ile jioni ya tarehe mosi Desemba. Nilirudi kutoka kibandani kwangu pa kushonea nikakukuta umekaa nje, miguu imevimba, umeiweka kwenye beseni la maji. Ukanivuta suruali. "Inua kichwa, fundi." Upande wa magharibi kulikuwa na nyota mbili kubwa zimekaribiana, na chini yake mwezi mwembamba umelala chali, uso mzima unacheka. Majirani walitoka nje kutazama. Wapo waliosema ni dalili ya neema, wengine wakasema njaa inakuja. Wewe ulishika tumbo ukasema, "Wanamchekea mwanangu." Nilikupenda sana jioni ile, Felista, na sikumbuki kama nilikwambia.

Yaliyofuata unayajua. Devota alikuwa hayajui, kwa sababu nilimficha yeye na ndugu zako wote. Siku chache baadaye, asubuhi uchungu ulipoanza, mvua ilikuwa inanyesha, ukaniambia twende hospitali. Nikasema uzazi wa kwanza huchukua muda, subiri mvua ikatike, naenda mara moja kumalizia sare za kwaya za Krismasi. Nilirudi saa nane mchana. Mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa jirani, na wewe umepoteza damu nyingi, hata mkono huwezi kuinua. Tulikufikisha hospitali, lakini tulikuwa tumechelewa.

Msibani kule kwenu mlimani Mgeta, mama yako aliniuliza ilikuwaje. Nikasema uchungu ulikuja ghafla. Wakanitazama wakingoja zaidi, nami nikaongeza, "Mtoto huyu amekuja na nyota nzito." Sijui neno hilo lilitoka wapi. Waliokuwepo wakatikisa vichwa, nikaona hakuna anayeniuliza tena, nikaliacha. Hata kaka yako, aliyetaka mtoto abaki mlimani maana kwenu mtoto ni wa ukoo wa mama, alinihurumia akaniachia nimlee. Devota alilisikia neno hilo akiwa darasa la pili, shangazi yake akilisema huku anamsuka nywele. Miaka yote hii amelibeba na mimi sikujua. Nilidhani watoto hawasikii.

Basi nilikata uzi nikamwambia akae. Nikamweleza mvua, sare za kwaya na saa nane mchana. Nikamwambia sayari zote zilikaa mahali pake mwezi ule, aliyekosa kuwa mahali pake ni mimi. Hakulia. Alichukua simu yake akaingia ndani.

Siku tatu tulikula bila maneno. Asubuhi alinipa shikamoo yake, akaniwekea chai, basi. Siku ya nne akanifuata kibandani.

"Bibi anajua?"

"Hajui."

"Na mjomba?"

"Naye hajui."

"Kwa hiyo bibi anadhani ni mimi."

Felista, nimesemwa na watu wengi maishani mwangu, lakini hakuna aliyewahi kunipata kama yeye. Akaniambia Jumamosi twende Mgeta.

Naogopa, mke wangu. Mama yako hajawahi kushuka mjini bila kuniletea kabichi na njegere, na mbele za watu ananiita mwanangu. Wakisema Devota abaki kwao, sina mdomo wa kuwakatalia. Nilijaribu hata kumwambia tungoje kidogo, barabara ya mlimani inateleza majira haya. Alinitazama tu. "Baba, ulishawahi kungoja mvua ikatike." 

Kwa hiyo Jumamosi tunapanda. Nitafika kaburini kwako kwanza, mahali ambapo nimekuwa nikitafuta visingizio nisifike, halafu nitakwenda kuketi mbele ya mama yako. Nataka Devota asikie kwa masikio yake nikisema kwamba mzigo huu haukuwa wake. Nakuomba msamaha wewe kabla sijawaomba wao. Mengine wataamua wenyewe.

Nilimwambia Devota nitakapokuwa nazungumza akae upande wa bibi yake, ndiko anakostahili. Amekataa. Anasema atakaa upande wangu.

Lala salama, Felista.

Mumeo,
Baba Devota