Hati za Hisa Kwenye Misumari ya Stoo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: lipo jaladani, kazini huitwa Taratibu.
Umri: miaka 51.
Kazi: mkereza vyuma, karakana ya mabehewa.
Makazi: nyumba za kampuni, chumba namba 9.

Nimefanya kazi karakana hiyo miaka ishirini na sita. Utaratibu wa stoo ni mmoja tangu zamani: ukichukua kifaa, unatundika kitambulisho chako kwenye msumari wa kifaa hicho, ukikirudisha, unachukua kitambulisho. Mtunza stoo tunamwita Mama Stoo, na hana mchezo. Marehemu mumewe alikuwa fundi mwenzetu. Siku moja mama huyo alimnyima mumewe nyundo kwa kuwa mume alisahau kitambulisho nyumbani, na asubuhi ile walikuwa wametoka mlango mmoja.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa nne asubuhi, tulikusanywa uani. Tuliambiwa serikali imeuza kampuni, na sehemu yake tumepewa sisi wafanyakazi. Kila mmoja alipata hati ya hisa mia mbili. Meneja mpya alitupa mkono akasema, "Hongereni, sasa nyinyi ndio wenye kampuni." Hapohapo akakusanya vitambulisho vyetu vya zamani. Vipya, alisema, vitakuja. Nikajiuliza, mwenye nyumba gani huyu ananyang'anywa ufunguo?

Kesho yake, saa moja na nusu, nilikwenda kuchukua spana namba 24.

"Kitambulisho?"

"Mama, si wamechukua? Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Bila kitu chenye jina lako, spana haitoki."

Mfukoni nilikuwa na ile hati tu. Nikampa. Aliitundika kwa pembe, asije akatoboa jina langu. Wenzangu nao walifanya hivyohivyo. Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyenunuliwa.

Tarehe 6, saa tisa alasiri, meneja aliingia stoo akakuta hati arobaini na moja ukutani. Akapiga kelele kwamba mama huyu anakusanya hisa za watu kwa siri. Jamani! Siri gani ya kutundikwa ukutani? Mama Stoo alimjibu, "Warudishe vifaa, nitawapa hati zao." Meneja akaita polisi, na mama akaondoka na gari lao, funguo zikiwa bado kiunoni.

Leo afande amenionyesha barua ya malalamiko aliyoiandika meneja. Chini imeandikwa, "Kwa niaba ya wenye hisa wote." Nimemuuliza, na mimi nimo? Akasema, kama una hisa, umo. Hapo kichwa kimenizunguka. Yaani mimi ndiye niliyemweka ndani Mama Stoo? Nimeomba niondoe hisa zangu mia mbili kwenye malalamiko, nimeambiwa haiwezekani. Sasa umiliki gani huu, wa kufunga mtu bila kuweza kumfungua? Sielewi, na nimeumia sana.

Nimekuja na spana yenyewe. Aitwe nimrudishie, mtaona kama atazuia hati yangu.

Niliyoyaona ndiyo hayo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali. Saa 5:40 asubuhi mtuhumiwa aliletwa kaunta kuitambua spana. Aliikagua, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akataka shahidi apewe hati yake. Nilimweleza kuwa hati ni kielelezo. Nilipotaka kuichukua spana nayo iwe kielelezo, mtuhumiwa alidai kwanza kitambulisho changu. Nimempa.