Shangazi Alipokuwa Afisa wa Viza

Wewe, uko wapi? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Si unajua kesho ndiyo mahojiano yangu ya viza? Shangazi akasema tufanye mazoezi, yeye awe afisa. Kavaa koti lake la kazini, miwani puani, kasukuma sahani pembeni, kanikalisha upande wa pili wa meza. Tulicheka mpaka basi.

Maswali ni yale uliyonitumia wewe ulipofika huko ng'ambo. Nani anakulipia, kwa nini chuo hicho. Nayajibu kama maji. Yeye kanikazia sura tu, "Endelea, binti."

Halafu akavua miwani. Akaniuliza polepole, "Na kweli utarudi?"

Na mdomo wangu ushazoea! Nikakaa wima, nikamjibu, "Ndiyo, afisa. Nina uhusiano wa karibu na familia yangu."

AFISA. Nimemwita afisa. Shangazi aliyenilea tangu sijajua kufunga kamba za viatu, na tuko wawili tu nyumba nzima!

Hakucheka, mwenzangu. Kaniangalia, kasema, "Umefaulu." Kavua koti, kaenda kuosha vyombo.

Nikamfuata. "Shangazi, nilidhani bado tunafanya mazoezi." Akasema, "Najua, mama." Hakugeuka.

Sasa niko chumbani. Bomba limefungwa zamani, lakini sijasikia ndara zake zikitoka jikoni.

Jibu ninalo. Ninalo kabisa. Sijui tu nitalisemaje lisisikike kama nimelikariri.