Kidevu cha Baba

Jumatatu, 3 Machi

Taarifa rasmi kwa taifa zima la daftari hili: leo saa nne asubuhi, baba yangu mzazi amenyolewa ndevu na Kipara. Ndiyo, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kichwa chake mwenyewe hakina unywele wa kujaribia mashine! Mimi, niliye kinyozi kwa miaka ishirini na sita, nimesimama mlangoni pangu nikikodoa macho. Dada ndiye aliyempeleka. Eti tangu nimkate sikio, kwangu Baba hatulii.

Jumatano, 5 Machi

Daktari alishatueleza: ugonjwa huu wa ubongo hauli kumbukumbu peke yake, unakula na umakini. Mambo mawili kwa pamoja yanamvuruga. Sawa. Mbona kwa Kipara anatulia kama maji mtungini?

Nimemkumbusha Dada kwamba siku ile Baba aliinua kichwa ghafla, wembe ukiwa sikioni. Kosa si langu.

"Kaka, mimi sijasema kitu."

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Kisingizio — kuazima mkasi. Mimi, nina mikasi tisa!

Kipara kazima redio. Kampa Baba kitana akishike. "Mzee, shavu hili." Kalinyoa. "Sasa hili." Baba kafumba macho kwa raha. Kwa wivu nikajifanya nakohoa.

Baba akafumbua macho, akanitazama. "Subiri zamu yako, kijana."

Kijana! Nina hamsini na mbili, na tumbo la ushahidi.

Kisha akamwambia Kipara: "Nina mwanangu kinyozi. Nilimfundisha mwenyewe. Mkono anao. Macho ndiyo hayatulii."

Kipara akainama, akasafisha wembe muda mrefu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimembembeleza Dada, kamleta. Baba yuko kitini, shuka shingoni, kitana mkononi. Nimezima televisheni, wateja wawili wamenuna, wameondoka. Naandika nimesimama, nachelewesha wembe.

Anashikashika lile sikio. Jina langu limemtoka, sikio linakumbuka.

Basi niseme, humu hasomi mtu. Baba hakuinua kichwa. Alitulia vilevile kama anavyotulia kwa Kipara. Mimi ndiye niliyegeuka kutazama bao la mpira kwenye televisheni. Tena la marudio! Nilikwisha kuliona jana yake.

Povu linamkaukia kidevuni.

"Fundi," ananiambia, "acha hilo daftari. Nitazame mimi."