Nimekujengea Bila Kukuuliza

Kaka Wandera,

Mulembe kwako na kwa wote waliobaki kwenye boma la marehemu baba. Mgongo umepoa? Na mama, bado anakataa kuvaa miwani kanisani na kuimba nyimbo za ukurasa mwingine? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo, nacheka kwa upande mmoja tu.

Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu mara ya mwisho ulinikatia simu katikati ya maneno, na karatasi huwezi kuikatia. Athieno wa Kisoko, muuguzi tunayeishi naye jengo moja, anakuja likizo. Atapita Busia akukabidhi barua hii mkononi, hapo hapo unapotengeneza simu. Mpe soda. Akianza kukueleza jinsi nilivyokonda, usimpelekee mama maneno hayo.

Kazi ni ile ile ya kiwanda cha samaki. Wanatufikia wameganda kama matofali, wavuvi wa Majanji wangekataa kuwaita samaki. Lakini leo nataka nikuambie jambo nililolifanya kwa jina lako, nawe usikasirike kabla hujamaliza ukurasa.

Mwenzangu wa kazini, Tomasi, alinipa kompyuta yake ya zamani ikiwa na mchezo ndani. Ni mchezo wa anga. Watu wa dunia nzima wanaucheza pamoja kupitia mtandao, kila mmoja na chombo chake, na nyota zilizomo ni nyingi hata wachezaji wote hawajafika nusu yake. Ukifika mahali ukiwa wa kwanza, jina lako linaandikwa pale. Mimi nilisafiri wiki tatu, kila nikitoka kazini, mpaka nikafikia nyota moja ya rangi ya chungwa yenye sayari na miezi miwili. Hakuna aliyewahi kuiona. Nilikaa naiangalia tu, chai ikapoa. Kaka, sijafurahi vile tangu nipande ndege.

Sasa, humo angani vituo vinajengwa na wachezaji wenyewe, mahali pa kutua, kujaza mafuta na kutengeneza vyombo. Mtu mmoja anaweka alama kwa jina lake, kisha kila bati na kila bomba lazima libebwe na wachezaji mpaka pale. Mnapewa wiki nne. Zikiisha kabla hamjamaliza, kila kitu kinavunjwa. Kikundi chetu kina watu kumi na wawili, na kiongozi ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye namjua sauti tu. Tunamwita Mwalimu. Akaniambia, "Nyota umeivumbua wewe. Weka alama, tujenge kwa jina lako."

Nikajibu, siwezi, kaka yangu hajajenga.

Tomasi alicheka mpaka akakohoa. Nikawaeleza kwamba kwetu Buhehe mdogo hamruki mkubwa wake, si kwa kuoa wala kwa kujenga, na kwamba anayeruka anamwekea kaka yake mkosi mlangoni. Tomasi akasema huo ni mchezo wa kompyuta, kaka yangu atajuaje? Nikamwambia mimi nitajua. Basi siku zikapita, na kikundi kingine kikaanza kuizunguka nyota yetu. Wenzangu wakaninunia.

Ni Mwalimu aliyeuliza kama mtu mwenye akili zake, "Kaka yako lazima ajenge kikubwa?" Nikasema hapana, hata kibanda, mradi kiwe chake na kiwe cha kwanza. Hapo ndipo nilipokosa adabu. Nilikufungulia jina mchezoni, nikaandika "Wandera Mkubwa", nikakupa chombo kidogo kuliko vyote, nikakipeleka mpaka kwenye mwezi mmoja wa ile sayari. Nikakujengea kiwanja cha kutua chombo kimoja, na taa mbili. Siku mbili kilikuwa tayari. Kisha ndipo nikaweka alama yangu.

Wiki mbili za mwanzo tulizipoteza tukingoja chombo kikubwa cha Tomasi ambacho kila mara kiliharibika njiani. Tulikuwa hatujafika hata robo. Nikawasimulia habari za baba na baiskeli yake, jinsi lori la sukari likikwama mpakani mzigo ulivyogawanywa, kila mwenye baiskeli akabeba gunia lake, na kabla ya saa sita lori lilikuwa tupu. Nikawaambia tuache kungoja chombo kikubwa, kila mtu abebe anachoweza, aende na arudi. Tuliondoka kama siafu. Nilibeba mabati mpaka macho yakaniwasha, na tulimaliza siku ya mwisho jioni, mimi mwenyewe nikishusha mzigo wa mwisho. Picha ya kituo nimeichapisha, imo ndani ya bahasha. Ni kizuri, bwana.

Lakini sikiliza kilichonifanya niandike. Kituo kilipofunguliwa, Mwalimu aliwakataza wote wasiingie. Akasema, "Kwanza tukamsalimie mkubwa wa boma." Tukaenda wote mpaka kwenye kale kamwezi, vyombo kumi na viwili vikapanga foleni juu ya taa zako mbili, kila kimoja kikatua, kikangoja kidogo, kikaondoka. Hata Tomasi hakucheka. Kisha mmoja akauliza, "Na mwenyewe yuko wapi?"

Niliona aibu, kaka. Nimewatuma watu wakabishe hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, nikajifanya nimetimiza mila.

Najua kwa nini hujengi. Nafula alipovunja uchumba wenu akaondoka, uling'oa nguzo zote ulizokuwa umesimamisha, nami nilikuwepo, nilizibeba na wewe. Nakumbuka pia ulichoniambia kwenye simu. "We jenga tu! Nani nashika mkono yako? Mi sijengi nyumba ya kulala na panya." Ukakata. Uchungu wako nauelewa. Lakini ruhusa inayotolewa kwa hasira sitaitumia. Ningejenga, ungeninunia, na mama angekaa katikati yetu akipika vyungu viwili.

Kwa hiyo nakuambia wazi, sitakuruka. Nina miaka thelathini na minne na nitafika arobaini nikilala kwa mama kama ni lazima. Mkataba wangu unaisha Desemba na sitauongeza. Nikifika nitavua viatu nikanyage udongo wa ukuta wako kabla sijagusa wa kwangu. Chumba kimoja kinatosha. Lala humo usiku mmoja. Asubuhi ukitaka kufunga kufuli na kurudi Busia kwenye chumba chako cha kupanga, rudi, sitauliza neno. Ila nakujua. Ukishalala hapo, utatafuta mahali pa kuning'iniza shati.

Nisalimie mama sana, na umwambie miwani si dhambi. Nisalimie dada yetu Nabwire aliyeolewa Kiyeyi, pamoja na shemeji na wale mapacha wao wasionijua. Nisalimie shangazi Taaka, nasikia anatafuta mchumba kwa niaba yangu. Mwambie aanze na wewe, utaratibu ni ule ule.

Ukishasoma usinipigie simu, tutagombana tena. Nenda Buhehe, chagua mahali, piga kigingi kimoja tu ardhini. Halafu mwache mama anipigie yeye.

Ni mimi mdogo wako, niliye nyuma yako,
Egesa